Hawa shakwe wa Mwaloni wanatoka barafuni? Na huko kwao kuna nini?

Karabai_Kirumba (#1)
Mwangaluka wakuu.

Jumamosi nilikuwa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, tangu saa kumi na mbili asubuhi nasubiri mzigo wa dagaa kutoka Ukerewe. Boti ikafunga, vijana wakaanza kushusha, gunia moja likafumuka mshono. Hatujainama hata kuokota, shakwe wameshafika. Mmoja alitua hatua mbili kutoka mguuni kwangu. Mgongo mweusi, kichwa cheupe, mdomo wa manjano, na kwenye mdomo wa chini kidoa chekundu kama tone la rangi ya kucha. Akameza dagaa kama kumi hivi, akanitazama, akaondoka zake.

Mzee mmoja mpakiaji akasema, "Hao ni wageni. Hawatagi hapa, wanatoka kwenye barafu." Nikafika nyumbani nikamsimulia binti yangu wa kidato cha pili, naye akanionyesha kwenye simu kwamba ndege wa baharini, pengwini, sili na dubu weupe wako taabani huko ncha za dunia kwa sababu barafu inayeyuka.

Nina maswali mawili. Yule mzee anasema kweli? Na barafu ikiyeyuka, mnyama anakufaje hasa? Mimi siku zote nilijua baridi ndiyo inayoua, joto ni nafuu.

DadaWaNyakato (#2)
Karabai, mgeni kala dagaa kumi bure, sisi wateja wako wa kila wiki hutuongezi hata kiganja kimoja! Nafuatilia majibu.

Kijana_wa_Buzuruga (#3)
Huyo ni yule ndege anayeruka kutoka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini na kurudi kila mwaka. Mwanza ni kituo chake cha kupumzika.

Furukombe (#4)
Hapana #3. Unayemsema ni buabua wa Aktiki. Kweli anakwenda ncha hadi ncha, lakini njia yake ni ya baharini. Buabua unaowaona hapa wakiruka juu ya maji kama vipepeo weupe ni wa jamii nyingine, hao wanazaliana kwenye mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia.

Wa Karabai ni shakwe mgongo-mweusi. Tofautisha na shakwe wetu wa hapa hapa ziwani, mwenye kichwa cha kijivu na miguu myekundu, huyo ni mwenyeji. Mgongo-mweusi anafika kuanzia Septemba, Oktoba, na Machi au Aprili anarudi. Watafiti waliwafunga vifaa vya setilaiti shakwe hao huko Ufini na kwenye visiwa vya Solovki, Bahari Nyeupe, Urusi, wakawafuatilia mpaka Ziwa Viktoria. Bahari Nyeupe kila majira ya baridi inaganda. Kwa hiyo mzee mpakiaji hakukosea sana.

Karabai_Kirumba (#5)
Kutoka Urusi kuja kula dagaa wangu! Ahsante Furukombe. Nitamtafuta yule mzee nimwambie.

MamaVizimba_Igombe (#6)
Kwenye swali la pili la Karabai, mimi najibu kwa yaliyonikuta. Nafuga sato kwenye vizimba. Miaka mitatu iliyopita, baada ya siku kadhaa za upepo mkali, niliamka nikakuta samaki wanaelea midomo wazi. Nilipoteza vizimba viwili kabla ya saa nne. Maji hayakuwa ya moto, wala hakuna aliyemwaga sumu. Maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu, basi. Mnyama wa majini haumizwi na joto kama tunavyolifikiria sisi wa nchi kavu. Linageuza mpangilio wa maji, na mpangilio huo ndio maisha yake.

Sijui ya pengwini, ila nadhani ni njia ile ile.

Mwl_Jiografia (#7)
Pole sana mama. Umegusa penyewe.

Karabai, huko barafu ya bahari ndiyo ardhi yao. Chukua pengwini kaisari, yule mkubwa kuliko wote, anafika hata kilo 40. Wengi wao hawatagi nchi kavu kabisa. Wanataga juu ya barafu ya bahari iliyoshikana na pwani, katikati ya majira ya baridi. Jike akishataga anamkabidhi dume yai, dume analiweka juu ya nyayo zake na kulifunika na ngozi ya tumbo, anasimama hivyo takribani siku 65 bila kula. Kifaranga akianguliwa bado ana manyoya laini tu, yasiyozuia maji. Manyoya ya kuogelea yanakamilika kama Desemba.

Sasa barafu ikivunjika Oktoba au Novemba, kifaranga anatumbukia baharini amevaa sweta. Analowa, anaganda, anazama. Ndivyo inavyoaminika ilikuwa Bahari ya Bellingshausen, huko Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, mwishoni mwa 2022: makundi matano yanayojulikana, manne yakapoteza karibu vifaranga wote kwa msimu mmoja. Halley Bay nako, lililokuwa kundi la pili kwa ukubwa duniani, barafu ilivunjika mapema 2016 na miaka iliyofuata hali ikawa vile vile. Baadhi ya wakubwa walihamia kundi jirani, lakini vifaranga ndio hivyo.

Kwa hiyo Karabai, hakuna aliyekufa kwa joto. Wamekufa kwa baridi, kwa sababu joto limewaondolea sakafu.

Karabai_Kirumba (#8)
Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. "Amevaa sweta." Mwalimu, umenifanya nisilale.

Kijana_wa_Buzuruga (#9)
Kwa nini dubu hawawali hao vifaranga kabla hawajazama?

BintiWaKatunguru (#10)
#9 kaka, dubu weupe wako kaskazini, pengwini wako kusini. Hawajawahi kuonana.

Seremala_wa_Mitumbwi (#11)
Naomba kupinga kidogo. Niliwahi kusoma kwamba barafu ya kusini inaongezeka. Sasa tunaambiwa inaisha. Tushike lipi?

Mwl_Jiografia (#12)
Seremala, ulichosoma kilikuwa kweli wakati huo. Barafu ya bahari ya kusini iliongezeka pole pole hadi Septemba 2014, ikapita kilomita za mraba milioni 20. Kuanzia 2016 ikaporomoka. Februari 2023 ikashuka chini ya milioni 1.8, ambayo ni rekodi. Ya kaskazini haikuwa na kigugumizi hicho, imekuwa ikipungua tu tangu vipimo vya setilaiti vianze 1979, na Septemba 2012 ilibaki kama milioni 3.4.

Seremala_wa_Mitumbwi (#13)
Nimekubali. Na hiyo barafu iliyoyeyuka ndiyo iliyotujazia ziwa mwaka 2020? Karakana yangu ilikaa ndani ya maji miezi minne. Mbao za mvule zilizokauka vizuri zikavimba zote.

Furukombe (#14)
Pole kwa mbao, mkuu, lakini hapana. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji ya bahari hayapandi mlima. 2020 ilikuwa mvua. Sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa hili inaanguka moja kwa moja kutoka mawinguni.

Tena barafu inayoelea ikiyeyuka haiinui bahari kwa kiasi cha kuhisika. Weka barafu kwenye glasi ya maji utaona. Inayoinua bahari ni ile iliyolala nchi kavu, ya Greenland na ya Antaktika.

Mzee_wa_Nyegezi (#15)
Vijana wangu, hamjambo. Nimeacha kazi ya ziwa ila macho bado yapo.

Mwalimu kaeleza sakafu. Mimi nataka kueleza sahani. Nilipokuwa kijana furu walijaa hapa, unatupa kindoano chenye mnyoo unatoa. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayepepea sehemu moja hewani kabla ya kujitupa majini, alikuwa anakula furu. Akimpata mmoja amepata mlo. Sangara alipoenea miaka ya themanini, furu wakaisha hapa ghubani. Mdiria hakufa. Alihamia kwenye dagaa. Lakini mtazameni, dagaa ni kamshale kadogo, hakana nyama. Ndege yule yule inabidi ajitupe majini mara nyingi zaidi kwa siku ili alale ameshiba. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe pale Nyegezi namhesabu anavyojitupa. Hilo nimeliona mimi, na watafiti waliokuja ghubani miaka hiyo waliliandika.

Sasa niulize: hao ndege wa barafuni, chakula chao ni kile kile cha zamani?

MtuWaSengerema (#16)
Shikamoo mzee. Swali lako ndilo lenyewe.

Nilisoma mambo ya uvuvi Tromsø, kaskazini ya Norwei, miaka miwili. Kule Aktiki kuna vidudu vya baharini vidogo kama punje ya mchele, vimejaa mafuta. Ndege mdogo mweusi na mweupe, hazidi ngumi mbili, anazaliana kwa mamilioni Greenland na kwenye visiwa vya Svalbard, kaskazini ya Norwei, na makinda yake yanakulia vidudu hivyo. Maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu yanapopanda kaskazini yanakuja na vidudu vya jamii ile ile ila vidogo na vyenye mafuta kidogo. Ni furu na dagaa wa mzee. Ndege anajaza mfuko wa kooni kama kawaida, ila anachompelekea mtoto kina nguvu pungufu, hivyo anarudi baharini mara nyingi zaidi.

Jambo jingine. Pale Tromsø kuna shakwe wadogo wa majabalini ambao siku hizi wanajenga viota kwenye madirisha ya maduka na ofisi, katikati ya mji. Nilikuwa napita asubuhi chini ya jengo moja, sauti zao kama watoto wanalia. Wenyeji wengine walikuwa wakali, kinyesi kila mahali. Mji ukawajengea vibanda vya viota. Nilipouliza kwa nini wameacha majabali, mmoja alisema chakula kimepungua, wa pili akasema tai wakubwa wa baharini, ambao walilindwa na sasa wameongezeka, wanawavamia huko majabalini. Wa tatu akasema yote mawili. Nikaondoka Norwei bila jibu moja.

Furukombe (#17)
Sitaki kusikia tai wakisingiziwa, haha. Ila ni kweli, tai wa kule ni ndugu wa furukombe wetu wa Rubondo.

MamaVizimba_Igombe (#18)
MtuWaSengerema, na huko kusini chakula ni nini? Nimeona neno krili.

MtuWaSengerema (#19)
Krili ni uduvi, dada. Uduvi wa baridi, urefu wa kidole kidogo, wanatembea makundi makubwa mpaka maji yanageuka mekundu. Pengwini, sili, nyangumi, wote wanakula humo. Na krili mchanga majira ya baridi anajificha chini ya barafu, anakwangua ukijani unaoota upande wa chini wa barafu. Barafu ikipungua, hana shamba la kulia utotoni.

Chapa_Injini (#20)
Mimi nadhani mnaizunguka kweli yenyewe. Nani anawavua hao krili? Meli kubwa. Zinavuta nyavu usiku na mchana, mzigo unakwenda kuwa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta vya watu wa mjini. Hapa kwetu kila kitu kikipungua tunaambiwa hali ya hewa, na nyavu za macho madogo zipo majini zinaonekana. Uvuvi kwanza.

MtuWaSengerema (#21)
Chapa_Injini, una hoja nusu. Kuna tume ya kimataifa, makao yake Hobart, Australia, inayosimamia. Kwenye eneo la Atlantiki ya kusini wameweka ukomo wa tani 620,000 kwa mwaka, na mwaka 2025 ukafikiwa mapema, uvuvi ukafungwa kabla ya msimu kwisha. Ukilinganisha na krili wote waliopo ni kiasi kidogo. Tatizo ni mahali. Meli zinakwenda pale pale karibu na rasi ya Antaktika, ambako pengwini wanalisha watoto, na wakati ule ule.

Chapa_Injini (#22)
Basi nusu yangu ndiyo nzito. Hata hapa ukivua robo ya ziwa lote si kitu, ukivua robo yote kwenye mazalia umeua.

Mwl_Jiografia (#23)
Kuna maelezo mengine, wenye nayo wanayatetea kwa nguvu. Karne ya 20 binadamu waliua nyangumi wengi mno bahari ya kusini. Krili wakabaki wengi, na pengwini na sili wakanufaika. Tangu 1986 uvuvi wa nyangumi wa kibiashara ulipositishwa, baadhi ya jamii, hasa nyangumi mwenye kibiongo, zimerudi vizuri. Kwa maelezo hayo, pengwini wanaopungua leo wanamrudishia mwenye mali chake.

BintiWaKatunguru (#24)
Mwalimu, hilo halinitoshi. Kama ni nyangumi, mbona pale kwenye rasi ya Antaktika pengwini wa Adélie na wale wenye mstari kidevuni wanapungua sehemu nyingi, halafu pengwini jentu, jirani yao kabisa, wanaongezeka na kusogea kusini? Nyangumi anachagua wa kumnyima?

Jentu hahitaji barafu sana, anakula na samaki. Adélie anaitegemea barafu. Kwa hiyo ni barafu.

Mwl_Jiografia (#25)
Hoja nzuri Binti. Lakini tazama na hili. Visiwa vya Danger, ncha ile ile ya rasi, mwaka 2018 ilitangazwa kuna Adélie milioni 1.5 ambao hesabu ilikuwa haijawajua. Na kule Adélie Land, upande mwingine wa bara, msimu wa 2016-17 jozi kama 18,000 zilitaga, wakapona vifaranga wawili. Si elfu mbili, wawili. Sababu? Barafu ilikuwa NYINGI mno mwaka ule, wazazi wakalazimika kutembea mbali kufika majini, watoto wakafa njaa wakiwasubiri.

DadaWaNyakato (#26)
Wawili tu? Mungu wangu. Mama ametembea barafuni, anarudi na chakula tumboni, anaita mtoto wake kwa sauti anayoijua, na hakuna anayeitika. Nimelia jikoni, ugali umeshika chini.

DktMifugo_Magu (#27)
Nimechelewa uzi, poleni. Mmesahau ugonjwa. Mafua makali ya ndege, H5N1, yalifika kisiwa cha South Georgia Oktoba 2023, na Februari 2024 yakathibitishwa bara la Antaktika lenyewe. Pwani ya Argentina, Península Valdés, mwaka 2023 walikufa watoto wa sili-tembo zaidi ya 17,000, karibu wote waliozaliwa msimu ule.

Mimi natibu kuku. Najua ukifika kwenye banda mdondo umepita, ule ukimya wa asubuhi. Makundi ya ndege wa baharini wanakaa bega kwa bega, ni banda lisilo na ukuta. Kabla ya kulaumu barafu kila kifo, wapimwe kwanza.

Chapa_Injini (#28)
Daktari, ugonjwa unampata aliyekonda. Nani kamkondesha?

DktMifugo_Magu (#29)
Mara nyingine. Mafua haya yameua hata walionenepa.

Mzee_wa_Nyegezi (#30)
Mnabishana vizuri. Naona mnavuta kamba nne na ng'ombe ni mmoja.

MtuWaSengerema (#31)
Mzee, kuna tukio moja Pasifiki ya kaskazini linazifunga kamba mbili. Kati ya 2014 na 2016 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida kutoka California hadi Alaska. Ndege wa kupiga mbizi, umbo kama pengwini ila anaruka, wakaanza kutupwa ufukweni. Zilihesabiwa maiti 62,000 hivi, na hizo ni zilizofika pwani tu. Walipopasuliwa, matumbo matupu. Maelezo yaliyotolewa: samaki ana joto la maji aliyomo. Maji yakipata joto, mwili wake unachoma chakula haraka, njaa inaongezeka. Samaki wakubwa wakala zaidi ya kawaida, wale wadogo wa ndege wakaisha, na hao wadogo wenyewe walikuwa wamekonda. Ndege anahitaji kula karibu nusu ya uzito wake kila siku. Siku chache tu bila kitu, amekwisha.

MamaVizimba_Igombe (#32)
Hilo nalithibitisha. Maji yakiwa na joto sato wangu wanamaliza chakula mapema, wanabaki wanapiga midomo juu ya maji wakidai zaidi.

Kijana_wa_Buzuruga (#33)
Naomba turudi kwa dubu, maana nilichekwa. Dubu anakula nini na barafu inamhusu nini? Si anaogelea?

BintiWaKatunguru (#34)
Hukuchekwa kaka, ulifundishwa. Anaogelea sana, ila hamshindi sili majini. Anamvizia kwenye tundu la barafu sili anapotoka kuvuta hewa. Bila barafu hana pa kuvizia, anakaa pwani miezi akifunga. Magharibi ya Ghuba ya Hudson, Kanada, walikadiriwa 1,194 mwaka 1987, na 618 mwaka 2021. Sili mwenyewe naye anamficha mtoto kwenye pango la theluji juu ya barafu. Ikinyesha mvua mapema, pango linaporomoka.

Kuna na walrasi, yule sili mkubwa wa meno marefu. Anakula makome ya chini ya bahari, maji mafupi. Zamani barafu ilikuwa kama kivuko chake. Anapumzika juu, anazama kula, anapanda tena. Sasa barafu inakimbilia kwenye kina kirefu, wanabaki pwani. Point Lay, Alaska, mwaka 2014 walikusanyika kama 35,000 ufuko mmoja. Wakishtuliwa na kitu wanakimbilia majini kwa pamoja, watoto wanakanyagwa.

Seremala_wa_Mitumbwi (#35)
Kama kivuko cha Kamanga kikilala, upande huu wote tunasongamana gatini.

Furukombe (#36)
Kila dubu si wa Hudson lakini. Wa Svalbard, baada ya kulindwa kuanzia 1973, hawajaporomoka hivyo ingawa barafu yao inapungua kwa kasi. Wanakula mayai ya ndege, kulungu wa barafuni (reindeer), mizoga.

MtuWaSengerema (#37)
Mayai ya ndege nimeyaona kwenye picha. Kundi zima la bata bukini, dubu mmoja, asubuhi moja. Kwa hiyo nafuu ya dubu ni msiba wa ndege.

Karabai_Kirumba (#38)
Wakuu, nimerudi. Leo nilikwenda Mwaloni mapema nikiwa na daftari la binti yangu. Tumehesabu migongo-meusi 43 kuanzia kwenye gati mpaka yalipo majiko ya kukaangia samaki. Yule mzee mpakiaji nimempata, nikamweleza Bahari Nyeupe. Akasema baba yake alimwambia zamani walikuwa wengi kuliko hivi, lakini na dagaa walikuwa wengi, na mialo ilikuwa michache, kwa hiyo hajui.

Jambo moja. Mmoja ana pete mguuni, yenye herufi. Nimepiga picha ila simu imetetemeka. Kila nikisogea anapanda juu ya paa la ghala.

Furukombe (#39)
Karabai!! Hiyo pete itatuambia alikozaliwa na mwaka. Mguu wa kushoto au wa kulia? Rangi gani? Soma kuanzia chini kwenda juu.

Karabai_Kirumba (#40)
Kulia. Rangi sijui, jua lilikuwa nyuma yake. Kesho nakwenda na dagaa.

Mzee_wa_Nyegezi (#41)
Usimwage kiganja kizima, atabeba na kuondoka. Mrushie mmoja mmoja, kila mmoja karibu zaidi ya wa kwanza, na ukae chini. Mtoto ndiye ashike simu.